Kabati la vitabu la mshazari: namna ya kuutumikisha uzito

Aliyepita madrasa anaijua marfaa, kile kiweko cha mbao chenye umbo la X ambacho msahafu hulazwa juu yake wakati wa kusoma. Marfaa ya kazi nzuri hutoka kwenye ubao mmoja. Fundi hachukui mbao mbili akaziunga kwa bawaba. Anauchana ubao uleule katikati ya unene wake, kutoka ncha ya juu na kutoka ncha ya chini, na pale michano miwili inapokaribiana anachonga vidole vinavyopishana, mpaka ubao unafunguka na kukunjika bila msumari wala gundi. Ukiufungua na kuuwekea msahafu, uzito unayasukuma mabawa yake yazidi kutanuka. Hayawezi, kwa sababu vidole vimekwisha kukabana. Msukumo uliotaka kuiangusha marfaa ndio unaoikaza, na msahafu ukiwa mzito zaidi, marfaa inatulia zaidi.

Kipimo hichohicho ndicho ninachokitumia ninapotazama makabati ya vitabu ya ajabu yanayosambaa mitandaoni: lenye umbo la mti na matawi yake, lenye vijumba vya pembe sita, lenye rafu zilizolala upande. Picha nyingi zina vitabu tisa, saa ya mezani na mmea kwenye chungu, na kwa picha kama hiyo hakuna awezaye kujua kama kabati linafaa. Lijaze kwanza. Umbo lisilo la kawaida likishalemewa, ama linapigana na uzito ama linautumia, na fundi anaweza kuhesabu mapema ni lipi kati ya hayo mawili litatokea. Hapa nitafuata umbo moja tu mpaka mwisho, lile la vijumba vya mshazari, kwa sababu linaeleza karibu kila kitu kinachohitaji kujulikana kuhusu makabati ya aina hii.

Mita moja ya vitabu

Huna haja ya mizani. Karatasi na jalada kwa pamoja zina uzito wa takriban gramu 700 hadi 800 kwa kila lita ya ujazo. Riwaya za jalada laini zenye kimo cha sentimita 20 na upana wa 13, zikipangwa mita nzima, zinajaza lita 26, yaani kilo 18 hivi. Vitabu vya jalada gumu vya sentimita 24 kwa 16 vinakaribia kilo 30. Vitabu vya kiada vya ukubwa wa A4 vinasogelea kilo 50. Nitatumia kilo 30 kwa mita, lakini mwalimu au wakili apige hesabu yake kwa 50.

Sasa chukua rafu ya kawaida ya paini yenye urefu wa sentimita 90, kina cha 24 na unene wa 2, iliyokalia vishikizo pande mbili. Ikijazwa, itabonyea katikati kwa karibu milimita 1.7 siku ya kwanza. Chipbodi ya unene uleule, ambayo ukakamavu wake ni kama theluthi ya ule wa paini, itabonyea milimita 5. Na hiyo ni siku ya kwanza tu. Mbao iliyoachiwa mzigo huendelea kupinda polepole kwa miezi na miaka. Paini inaweza kufikia maradufu ya bonyeo la mwanzo, na chipbodi huvuka hapo. Jicho la mtu wa kawaida huanza kuona kasoro bonyeo likifika karibu milimita 2 kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo rafu hiyo ya paini iko mpakani tangu ilipozaliwa.

Wateja wengi hudhani rafu ya sentimita 120 itabonyea zaidi kidogo tu kuliko ya 90. Itabonyea zaidi ya mara tatu. Urefu ukiongezeka maradufu, bonyeo linaongezeka mara 16, kwa sababu rafu imerefuka na vitabu vilivyo juu yake vimeongezeka pia. Unene ukiongezeka maradufu, bonyeo linashuka hadi moja ya nane. Mchoraji anayejua hilo hahangaiki na mbao nene. Anatafuta namna ya kufupisha mwendo kati ya kishikizo na kishikizo.

Hilo ni tatizo la kwanza la rafu za bapa. La pili ni fremu yenyewe. Nguzo mbili na rafu tano ni mistatili mitupu, na mstatili ukisukumwa ubavuni hulala upande hata kama mbao zake zote ni nzima, kwa sababu kinacholegea ni pembe. Pembetatu haina udhaifu huo: haibadiliki umbo mpaka upande wake mmoja urefuke au ufupike. Kabati la kawaida linaokolewa na mgongo wake, ile plaiwudi nyembamba ya milimita 3 au 4 inayopigiliwa nyuma na ambayo hakuna anayeisifia. Ukiiondoa ili ukuta uonekane, kama picha nyingi za kisasa zinavyopenda, umeondoa kiungo pekee kilichokuwa kinazuia kabati lisilale.

Tatizo la tatu ni dogo lakini la kila siku. Vitabu haviwezi kusimama vyenyewe. Toa viwili katikati ya safu, na vilivyobaki vinaanza kuinama, vinajipinda mgongo, mwisho vinalala. Watu huvizuia kwa tofali, jagi, redio ya zamani.

Kitabu huanguka kabla hakijateleza

Wazo la kulaza rafu upande huanzia hapo kwenye tatizo la tatu. Kama vitabu vinataka kuegemea, basi tuvichagulie sisi wenyewe upande wa kuegemea.

Swali la kwanza ni kiasi gani rafu iiname. Watu hufikiria kuteleza, wakauliza kama vanishi itakuwa laini vya kutosha. Kitu kinachotangulia ni kuanguka. Kitabu chenye kimo cha sentimita 24 na unene wa 3, kikisimamishwa kwenye rafu inayoinamishwa taratibu, kinapinduka kuelekea chini mara rafu inapopita nyuzi 7, kwa sababu hapo mstari unaoshuka wima kutoka katikati ya kitabu unatoka nje ya kitako chake. Kamusi nene ya sentimita 6 inasubiri mpaka nyuzi 14. Kwa hiyo rafu iliyoinama nyuzi 15 inatosha kuvifanya karibu vitabu vyote viegemee upande mmoja vyenyewe, uso wa mbao uwe laini au uwe na makwaruzo. Kilo 30 za vitabu zitausukuma ubao wa mwisho kwa nguvu ya karibu kilo 8 tu. Ubao wowote uliofungwa vizuri unaistahimili.

Hata hivyo silipendi kabati la nyuzi 15. Rafu yake bado inapindwa na asilimia 97 ya uzito, kwa hiyo tatizo la kubonyea limebaki palepale. Fremu bado ni mistatili, au kitu kinachofanana mno na mstatili. Na macho hayalipokei: mteremko wa nyuzi 5 unaonekana kosa la fundi, wa 15 unaonekana kabati lililozama mguu mmoja. Umetatua tatizo moja kati ya matatu na umejipatia maelezo ya kumpa kila mgeni.

Peleka mteremko hadi nyuzi 45 na mambo yanabadilika. Rafu haiko peke yake tena. Mkono mmoja unashuka kutoka kushoto, mwingine kutoka kulia, inakutana kwa pembe mraba, na vitabu vinakaa ndani ya umbo la V. Vitako vyao viko kwenye mkono mmoja, na kitabu cha mwisho kimelala ubavu kwenye mkono wa pili. Kila mkono unabeba karibu asilimia 71 ya uzito. Jumla hiyo inapita 100, na msomaji mwangalifu atauliza ziada imetoka wapi. Haijatoka popote. Nguvu mbili zinazoelekea pande tofauti hufutana kwa sehemu, na kinachobaki baada ya kufutana ni 100 kamili inayoelekea chini.

Panga V hizo zikamatane, juu na chini, kushoto na kulia, upate wavu wa vijumba vya mraba vilivyosimama kwenye pembe. Kila kijumba kikiwa na upande wa sentimita 34 kwa ndani, kinabeba kilo 10 hivi, na kila mkono unapindwa na kilo 7 kwa mwendo wa sentimita 34. Bonyeo lake ni sehemu ya milimita isiyoweza kuonekana kwa jicho. Tatizo la kwanza limekwisha. Mbao za mshazari zinazokwenda kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine zimegeuza kingo zote kuwa pembetatu, kwa hiyo hakuna haja ya mgongo wa plaiwudi, na tatizo la pili limekwisha. La tatu lilikwisha tangu mwanzo wa V. Rafu, mgongo na kizuizi vimekuwa kitu kimoja.

Alichofanya Ramelli, alichofanya Albini

Kabla ya kufika kwenye msumeno, inafaa kuona mafundi wengine walivyoukabili uzito huu, mmoja kwa kuukataa na mwingine kwa kuukubali.

Mwaka 1588, mjini Paris, mhandisi wa kijeshi Mwitalia Agostino Ramelli, aliyekuwa akimtumikia Mfalme Henri III wa Ufaransa, alichapisha kitabu kikubwa cha michoro ya mashine, kilichoandikwa kwa Kiitaliano na Kifaransa. Sehemu kubwa ni pampu, vinu na vyombo vya vita. Katikati ya hayo kuna gurudumu la mbao lililosimama wima, kubwa kuliko mtu, lenye meza ndogo za kusomea kuzunguka mzingo wake. Msomaji anaketi, analizungusha, na kila meza inapita mbele yake na kitabu kilichofunguliwa. Ramelli alilinadi kwa wapenda kusoma, hasa wale walioteswa na jongo wasioweza kuinuka kila mara kufuata kitabu.

Ugumu uko wazi. Meza iliyofungwa kwenye gurudumu itapinduka ikifika upande wa pili na kumwaga kitabu. Ramelli aliweka gia. Katikati ya gurudumu kuna gia isiyozunguka. Juu ya ekseli ya kila meza kuna gia nyingine yenye idadi ileile ya meno, na kati yao kuna gia ya kuunganisha inayobebwa na gurudumu. Kwa kuwa gia ya katikati haizunguki na ile ya meza inalingana nayo kwa meno, meza inasafiri duara zima bila kubadili mwelekeo wake hata kidogo. Ni hesabu safi ya mafundi saa iliyohamishiwa kwenye fanicha.

Lakini gia hizo hazikuwa na lazima. Ukiitundika meza kwa ekseli iliyo juu ya kitovu cha uzito wake, inajinyoosha yenyewe popote gurudumu litakapokuwa. Mfaransa Nicolas Grollier de Servière alilitengeneza gurudumu la namna hiyo katika karne iliyofuata, akaacha uzito ufanye kazi ambayo Ramelli aliinunua kwa mamia ya meno ya mbao. Nakiri gia zina faida moja, meza haibembei ukiiegemea kuandika. Bado naamini Ramelli alizitia kwa sababu alijua kuzitengeneza, na mchoro ulikuwa mahali pazuri pa kuonyesha. Ugonjwa huo haujaisha miongoni mwa wabunifu. Kazi yake lakini haikufa: mwaka 2018 wanafunzi wa uhandisi wa Rochester Institute of Technology huko Marekani walijenga magurudumu mawili kwa kumfuata, na yanazunguka.

Upande wa pili yuko msanifu majengo Franco Albini wa Milan. Mwaka 1940 alijitengenezea nyumbani kwake kabati la vitabu lililoitwa Veliero. Lina milingoti ya mbao iliyoachana kwenda juu kwa umbo la V, nyaya za chuma zilizokazwa, na rafu za kioo zinazoning'inia kwenye nyaya hizo. Anayetoka pwani ataelewa mara moja bila mchoro, kwa sababu ndivyo mlingoti wa jahazi unavyosimama: mbao inasukumwa, kamba inavutwa, na kila moja inamzuia mwenzake asifanye anavyotaka. Albini aliweka kila nyenzo kwenye kazi inayoipenda. Mbao nyembamba hustahimili kubanwa kwa urefu wake vizuri kuliko kupindwa, na waya hauwezi chochote isipokuwa kuvutwa. Uzito wa vitabu unazikaza nyaya. Udhaifu wa mpango kama huo ni kwamba hauna akiba: rafu ya kawaida ikipoteza skrubu moja inalegea, ila chombo kinachoshikana kwa mvutano kikipoteza waya mmoja kinakwenda chote.

Wavu wa mshazari uko karibu na Albini kuliko Ramelli, ila una akiba. Mzigo wa kila kijumba una njia zaidi ya moja ya kufika sakafuni.

Mchoro wenye vipimo

Tuchore kabati lenye vijumba vitatu kwa upana na vinne kwa kimo. Kati ya mstari na mstari wa mbao weka sentimita 36. Ulalo wa kijumba unakuwa 51, na fremu inakuwa sentimita 153 kwa 204. Ndani yake kuna vijumba kamili 18, si 12 kama mtu anavyodhani, kwa sababu kati ya kila vijumba vinne kuna kingine kinachojitokeza chenyewe. Kandokando kuna nusu-vijumba 10 na pembeni robo 4.

Vijumba 18 vinabeba mita 6 hivi za vitabu, karibu kilo 180. Kabati la kawaida la ukubwa huo, lenye rafu sita za mita moja na nusu, lingebeba mita 9. Theluthi imepotea. Hiyo ndiyo bei ya umbo hili na hakuna ujanja wa kuikwepa, kwa sababu robo nzima ya eneo imekwenda kwenye zile nusu na robo za kando. Nusu mbili za juu bado ni V na zinapokea vitabu vifupi bila shida. Za kushoto na kulia zina pembe kali ya nyuzi 45 kwa chini, kitabu hakikai vizuri humo. Zile za chini zina sakafu bapa na paa la mteremko, zinafaa kwa viatu vya watoto au kikapu cha nyaya za simu. Mwenye vitabu vingi kuliko ukuta alionao asichague umbo hili.

Mbao za mshazari ni 14, saba kila upande: mbili fupi za sentimita 36, mbili za 108, mbili za 180 na moja ndefu ya 216. Zinakutana mara 17. Kila zinapokutana, ubao mmoja umekatwa pengo kutoka mbele hadi katikati ya kina chake, mwingine kutoka nyuma hadi katikati, kisha unaingizwa mmoja ndani ya mwingine. Kwa kina cha sentimita 24, pengo ni la sentimita 12, na upana wake ni unene kamili wa ubao. Ikipwaya milimita moja, wavu utacheza. Ikibana mno, utaupasua ubao ukiugonga kwa nyundo.

Kosa dogo hapa halibaki dogo. Ubao mrefu una mapengo matano, na kama fundi anapima kila pengo kuanzia lile lililotangulia, nusu milimita mara tano inazaa milimita mbili na nusu, na pengo la mwisho halitakutana na mwenzake. Futi kamba iwekwe pembeni baada ya ubao wa kwanza. Mbao zote saba za upande mmoja zibanwe pamoja kwa klampu, zikisimama kwenye kingo zao, na mistari ichorwe kwa skwea ikizikata zote kwa mkupuo. Kama mstari umekosewa, basi umekosewa kwa zote sawasawa, na wavu bado utaingiana.

Mninga au plaiwudi

Ukimuuliza fundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, wengi watataka mbao nzima, na sababu zao ni nzuri. Mninga unatulia kuliko mbao nyingi: ukikauka hausinyai sana wala haujikunji. Mvule haupendwi na mchwa, ingawa ndani yake wakati mwingine huwa na vijiwe vya chokaa vinavyoua makali ya msumeno. Paini ni rahisi, nyepesi, na inapatikana, lakini isipotiwa dawa ni karamu ya mchwa.

Jambo la kuelewa ni namna mbao inavyosogea. Hairefuki wala kufupika kwa kiasi cha kukuhangaisha. Inapanuka na kusinyaa kwa upana. Ubao wa paini wa sentimita 24 uliozoea unyevu wa Dar es Salaam ukipelekwa Dodoma unaweza kupungua milimita 2 au zaidi, na hakuna gundi wala skrubu itakayouzuia. Ukiung'ang'ania, utapasuka. Katika kabati la kawaida hapo ndipo migongo ya mbao nzima inapoharibika. Wavu wa mshazari una bahati: upana wa kila ubao, uwe wa kushoto au wa kulia, unaelekea upande uleule, mbele na nyuma. Zikisinyaa zinasinyaa pamoja na mapengo hayagombani.

Tatizo la mbao nzima hapa ni kunyooka. Ubao wa sentimita 216 uliojikunja kidogo tu hauwezi kuingia kwenye mapengo matano kwa wakati mmoja, na mbao zinazouzwa mitaani kama kavu mara nyingi zimekauka nje tu. Kwa hiyo, pamoja na mapenzi yangu kwa mninga, wavu ningeufanya kwa plaiwudi ya milimita 18 na fremu kwa mninga. Karatasi ya plaiwudi ni sentimita 244 kwa 122. Ikichanwa kwa sentimita 24, inatoa vipande vitano vya urefu kamili, msumeno ukila milimita 3 kila mchano. Wavu mzima unahitaji vipande vinane: viwili vya mbao ndefu, vinne vya zile za 180, na viwili vinavyotoa 108 mbili kila kimoja. Zile fupi za 36 zinatoka kwenye mabaki ya zile za 180. Karatasi mbili zinatosha na vipande viwili vinabaki kwa bahati mbaya ya patasi. Kingo za mbele zifunikwe kwa ukanda mwembamba wa mninga ili matabaka yasionekane.

Ncha 28 za wavu zinakutana na fremu mbili mbili, katika sehemu 14, na hapo ndipo kabati hili linapofia likifanywa haraka. Mbao za mshazari zinasukuma pande za fremu ziachane. Ndani ya wavu vijumba jirani vinafutiana msukumo huo, ila kwenye ukingo hakuna jirani. Skrubu iliyopigwa kutoka nje ya fremu kuingia kwenye ukingo wa plaiwudi haishiki, inaachanisha matabaka. Dawa yake ni kabari za mbao ngumu zilizokatwa kwa nyuzi 45, zinazokaa kwenye ile pembe kali kati ya fremu na ubao, ndani ya nusu-vijumba vya kando. Kabari inafungwa kwa fremu kwa skrubu mbili, kisha ubao unafungwa kwa kabari kupitia uso wake. Nguzo za fremu ziungwe na mbao za juu na chini kwa ulimi na tundu, maana viungo hivyo vinne ndivyo vinavyozuia kila kitu kisitanuke.

Piga msasa na vanishi kabla ya kuunganisha, ukiacha wazi sehemu zitakazoguswa na gundi. Baada ya hapo mkono hautafika kwenye pembe.

Lililobaki ni ukuta. Kabati lenye kimo cha mita 2 na kina cha sentimita 24 likijaa, kitovu cha uzito wake kiko karibu mita moja juu, na likiinama mbele nyuzi 7 linakwenda. Kwa mtoto, wavu huu ni ngazi iliyotengenezwa tayari. Lifungwe ukutani kwa kona za chuma katika sehemu nne, juu mbili na katikati mbili, zikishika fremu na si wavu, na liachwe sentimita 2 kutoka ukutani ili unyevu usifungiwe nyuma. Vitabu vizito vianzie vijumba vya chini, na upakie kushoto na kulia kwa zamu badala ya kumaliza upande mmoja.

Kuhusu bei, fundi akikutajia kiasi kwa kuhesabu mbao tu, mhesabie pia mapengo, maana kila makutano yana mawili na jumla ni 34. Asipobadili bei baada ya hapo, tafuta mwingine.